Kijerumani Kinachopitia Uingereza

Mwezi wa Agosti uliopita, ambao ni mwezi wa wageni wengi katika mbuga zetu, nilikuwa Butiama kwa shughuli ya ndugu, na kabla ya kurejea Musoma nikapita Mwitongo kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, kama wafanyavyo aghalabu ya watu wa Mara wapitapo njia ile. Na hapo, katikati ya majabali yanayoyazunguka makazi yale, nikamkuta kijana wa Bunda, mwongoza watalii, akiwa na wageni wanne wa Kijerumani, miongoni mwao bibi mmoja mtu mzima aliyetembea kwa mkongojo. Bibi yule alipokuwa akishuka ngazi, mkongojo uliteleza juu ya jiwe, akayumba, akapiga goti, na kijana, kwa wepesi ambao ungemfurahisha mama yake mzazi, akaruka, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti iliyojaa huruma, "Entschuldigung! Entschuldigung!" Bibi akainuka, akajipangusa vumbi, kisha akaitazama miguu ya kijana yule kwa makini, wa kulia na wa kushoto, kama mtu atafutaye ni upi kati ya hiyo miwili uliomtega.

Baadaye, wageni walipokwisha kuingia makumbusho, kijana akanijia kivulini nilipokaa, akaniamkia shikamoo, akauliza kwa unyonge, "Hivi mzee, nimekosea nini? Mimi nilitaka kumpa pole tu." Nikamwuliza neno lile amelitoa wapi. Akafungua simu, akanionyesha kitabu anachojifunzia, nacho ni kitabu cha Kijerumani kilichotungwa kwa ajili ya watu wasemao Kiingereza tangu utotoni. Na safari ya neno lake ikawa bayana mbele ya macho yetu: pole, kwa Kiingereza alichofundishwa shuleni, ni sori, na sori, katika orodha ya kitabu kile, ukurasa wa tatu, ni Entschuldigung. Nikamwambia, "Mura, umemwomba radhi kwa kosa la jiwe." Akacheka hata akashika magoti.

Mimi pia nilicheka, lakini nilipokuwa ndani ya gari, tukipita Makutano kuelekea mjini, kicheko kikanitoka na mahali pake pakaja rai ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Vijana wetu wanaojifunza Kijerumani, nao wanazidi kila mwaka kwa sababu ya utalii na kwa sababu ya kazi za ughaibuni, hawastahili kulazimishwa kukiendea kwa njia ya Kiingereza. Kwa kuwa katika mambo ya kujali na kutojali, yaani katika maneno ambayo mtu humliwazia mwenziwe aliyepatwa na jambo, au humkatia nayo mwenziwe anayemsumbua, Kiswahili na Kijerumani vina ujirani ambao Kiingereza, kwa kusimama kati yao, huufunika wala hauonekani.

Tulitazame kwanza neno lililomponza kijana. Ndani ya Entschuldigung mmejificha neno Schuld, ambalo kwa Wajerumani ni deni na pia ni hatia, maana lugha yao haikuona haja ya kuvitenga viwili hivyo. Na kile kipande cha mbele kina maana ya kuondoa. Asemaye Entschuldigung, basi, anaomba afutiwe deni au atakaswe hatia, nayo ni kazi ile ile ya samahani yetu: ukimkanyaga mtu katika basi, ukitaka kupenya katikati ya watu, ukichelewa baraza. Pole haina deni ndani yake. Mtoto wa miaka minne wa mtaa wa Nyasho ajua kumwambia bibi yake pole akiona ameshika kiuno, na hakuna atakayemshuku kuwa yeye ndiye aliyekivunja. Twatoa pole kwa aliyeanguka, kwa mgonjwa, kwa aliyefiwa, kwa msafiri, hata kwa mtu aliye kazini akilima kwa furaha zake. Na watu wa mwambao, ambao adabu zao zina ncha nyingi kuliko zetu sisi wa bara, wana makiwa kwa ajili ya msiba peke yake. Kiingereza kimelitia kosa na huruma katika gunia moja la sori, na ndiyo maana mgeni wa Kiingereza anayeanza Kiswahili hukuambia samahani akisikia una homa, nawe ukabaki kujiuliza kama yeye ndiye aliyewatuma mbu.

Je, Mjerumani naye hana pole? Anayo, tena zaidi ya moja. Aliyeanguka huulizwa kwanza, "Haben Sie sich wehgetan?" yaani, umeumia? Na swali hilo, likitoka kwa uso wa kujali, ndilo pole yenyewe, kwa sababu desturi yao ni kuhakikisha jeraha kabla ya kuliliwaza. Mgonjwa huambiwa "Gute Besserung", nafuu njema, neno ambalo mtu anaweza kuliweka mahali pa ugua pole bila kupunguza wala kuongeza kitu, na nimewahi kumsikia mwalimu mmoja wa Kiingereza akitumia sentensi nzima kujaribu kulifasiri. Aliyefiwa hupewa "Beileid", na humo ndani mna neno Leid, uchungu, likitanguliwa na kipande chenye maana ya kuwa kando ya kitu. Yaani uchungu wangu umekaa kando ya uchungu wako, nami sioni Mswahili atakayeshindwa kufahamu muradi wa rambirambi hiyo. Na kwa huzuni nyinginezo wanayo "Es tut mir leid", jambo hili lanitia uchungu, ambayo yaweza kubeba kosa na yaweza kubeba huruma, ila mzizi wake ni uchungu.

Nikiri hapa kwamba ujirani huu una mpaka. Ukimkuta Mjerumani anapalilia bustani yake, ukamwambia "Es tut mir leid" kwa nia ya pole na kazi, atasimamisha jembe akitafakari ni balaa gani lililompata asilolijua. Kwao kazi si jambo la kuliwazwa.

Wala nisije nikadhaniwa kuwa nalisifu neno pole kupita kiasi, maana twalitumia pia vibaya. Mwaka jana nilikaa katika ofisi moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri nikingoja karatasi moja kugongwa mhuri. Na karani, kila nilipoinuka kumwuliza, aliniambia "pole, mzee", mara tano nilizihesabu, bila ya kuinua macho kutoka katika simu yake. Pole ile ya tano ilikuwa na ubaridi kuliko matusi. Kwa hiyo neno la kujali laweza kuvaliwa na asiyejali, na jambo hilo halimo katika kamusi ya lugha yoyote. Mtu hulijua kwa kutazama macho yako wapi.

Tofauti ya pole na samahani si upuuzi wa walimu wa sarufi. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea mbele ya vizazi vya wale waliouawa katika Vita vya Majimaji, vita vilivyowaka kati ya 1905 na 1907 na kufuatiwa na njaa iliyoua wengi kuliko risasi, akaomba "Verzeihung". Hilo ni neno la msamaha hasa, ambalo huwezi kulitamka bila kukiri kwamba kuna jambo la kusamehewa. Angalisema tu kwamba yale yaliyotokea yanamtia uchungu, wenyeji wangalikuwa na haki ya kuitika "ahsante kwa pole" na kungoja neno la pili. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili husikia mara moja umbali ulioko kati ya kauli hizo mbili. Apitiaye katika sori huukanyaga asiuone.

Sasa nirudi kwa kijana wangu, kwa kuwa pale kivulini alikuwa hajamaliza mashitaka. Asubuhi ya siku ile, kabla ya kupanda Butiama, aliwapeleka wageni wake kunywa chai katika hoteli ndogo karibu na stendi ya Bunda, akamwuliza mume wa bibi yule kama angependa chai au kahawa, na mzee yule, bila kugeuza shingo, akamjibu neno moja, "Egal." Kijana aliingiwa na ghadhabu. Kitabu chake kilikuwa kimemfundisha kwamba egal ni kusema mimi sijali, na kijana wa ukoo wenye adabu, aliyeinama mbele ya mtu mzima akiwa na birika mkononi, akaambiwa hapa sijali, anahesabu kuwa ametukanwa. "Nikamwacha, mzee. Sikumletea chai wala kahawa." Mgeni akakaa na maandazi makavu robo saa nzima, akitazama huku na huku kwa mshangao, akidhani labda chai ya Bunda huchelewa kwa asili yake.

Egal Wajerumani wamelichukua kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa maana yake ni sawa, kitu kilicholingana na kitu. "Das ist mir egal", ukilifungua neno kwa neno, ni "hayo kwangu ni sawa". Na kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha wazee wa pwani na cha wazee wa hapa waliokipokea kwa walimu wa zamani, ni "mamoja kwangu". Yule mzee hakutukana. Alisema chai na kahawa kwake ni mamoja, na ungalimpa hata uji angalishukuru. Ni jawabu ambalo wewe msomaji umelitoa mara elfu, ukaulizwa soda gani ukasema yoyote tu, ukaulizwa ukae mbele au nyuma ukasema kote sawa. Na hakuna mwenye hoteli wa Bunda aliyekukasirikia. Hata neno lao kubwa la kutojali, "gleichgültig", limejengwa kwa mawe hayo hayo, sawa na thamani: kitu ambacho kikiwapo na kisipokuwapo thamani yake kwangu ni moja.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mwingereza anapotaka kusema kwamba jambo halimgusi, mara nyingi humtanguliza mtu: mimi ndiye niketiye mbele ya sentensi, na mimi ndiye nikataaye kujali, hata ikawa kauli hiyo ina harufu ya kiburi hata pale msemaji alipokuwa na upole. Mjerumani aghalabu hulitanguliza jambo, na mtu akamweka nyuma yake kama kitu kilichoguswa au kisichoguswa: "Es kümmert mich nicht", jambo halinishughulishi, "Das geht mich nichts an", hilo halinihusu, "Das macht nichts", haidhuru. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulipasua neno hainihusu akakuonyesha viungo vyake: kikanushi, jambo, mimi, na tendo, jambo likiwa limetangulia na mimi nikiwa nimepakatwa katikati. Haidhuru ni hivyo hivyo. Tumelitoa katika Kiarabu, mzizi wake ni kudhuru, na maana yake ni kwamba jambo halina madhara, neno ambalo mtu humpa aliyemwaga chai juu ya kanzu ili asizidi kuona haya. Kwa Kijerumani aliyemwagiwa husema "Macht nichts", jambo hili halifanyi kitu, kwa sauti ile ile na kwa sababu ile ile. Kijana wa Musoma anayefundishwa kwa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa mpangilio huu, kwa kuwa amezaliwa nao. Anayefundishwa kwa Kiingereza huambiwa kuwa ni jambo geni na gumu, akaliogopa bure. Ni kama mtu wa Makoko kuambiwa apande gari aende Mwanza akanunue sangara.

Wanayo pia kauli moja ya mzaha, "Das ist mir Wurst", jambo hilo kwangu ni soseji, wanayoitumia miongoni mwa marafiki na ambayo haifai kuambiwa mkubwa. Nilipomfasiria kijana, akanijibu papo hapo kwamba basi sisi tungesema jambo hilo kwangu ni dagaa. Huyo, kwa mtazamo wangu, alikuwa amejifunza Kijerumani zaidi katika dakika ile kuliko katika kurasa zote za simu yake.

Kuna neno moja letu, hata hivyo, ambalo nililiwekea akiba, nalo ni shauri yako. Kamusi zote zitakuambia kuwa ni neno la kutojali. Mwezi huo huo wa Agosti nilikuwa Mwigobero, upande wa ufukweni, nikingoja mtu, na karibu yangu mama mmoja alikuwa amekwisha kutandaza dagaa wake juu ya nyavu, weupe wanaometa kama sindano, ilhali wingu lilikuwa linajikusanya juu ya ziwa. Jirani yake akamwambia, "Mama, waanue hao, mvua hiyo inakuja." Akajibiwa, "Haidhuru, itapita kando." Haikupita kando. Matone ya kwanza yalipoanguka, jirani akapaza sauti, "Shauri yako! Si nilikwambia?" Na kabla sentensi haijaisha alikuwa ameshapiga magoti katika mchanga, ameshika ncha ya pili ya wavu, anakusanya dagaa wa mwenziwe chini ya turubai lake mwenyewe, huku kinywa kikiendelea kurudia shauri yako, shauri yako, mpaka wote wakawa chini ya turubai na yeye mgongo umelowa.

Shauri ni neno la Kiarabu la kupeana rai, lile lile lililotupa ushauri na mashauriano. Hivyo kumwambia mtu shauri yako ni kumrudishia rai mkononi mwake: mimi nimekwisha kutoa yangu, sasa uamuzi ni wako na matokeo ni yako. Ni neno la mtu aliyejali kwanza. Asiyejali hana shauri la kurudisha. Mjerumani mahali hapo atasema "Selber schuld", hatia ni yako mwenyewe, na hapo utaliona tena lile Schuld la mwanzo, deni na hatia. Nami naungama kwamba katika kauli hii lugha zetu zinaachana, yao ikifungua daftari la madeni na yetu ikivunja baraza. Kijana aende nalo hilo pia. Asilifasiri shauri yako kwa mgeni bila ya kumweleza habari za dagaa.

Msomaji anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya chai na maandazi. Siyo. Mwezi wa Septemba 2024 jirani zetu wa Kenya walitia saini mjini Berlin makubaliano na Ujerumani juu ya wafanyakazi wanaotaka kwenda kufanya kazi huko, na katika Afrika Mashariki yote leo utakuta vijana, wauguzi hasa, wamekaa na vitabu vya Kijerumani usiku baada ya zamu. Muuguzi huyo akifika huenda akawekwa katika nyumba ya wazee, kwa kuwa huko nako upungufu ni mkubwa, na usiku mmoja mzee aliyefiwa na mkewe ataukataa mkate na kumwambia, "Mir ist alles egal." Aliyefundishwa kwamba egal ni sijali atasikia ukorofi, ataondoa sinia, ataandika kuwa mgonjwa ni mkaidi. Aliyefundishwa kuwa ni mamoja atasikia kauli ambayo ameshaisikia nyumbani, kwa babu aliyekaa ukumbini baada ya matanga akisema basi tena, yote mamoja, liwalo na liwe. Na atajua, kwa maarifa aliyoyanyonya wala hakuyasoma, kwamba mtu akisema hivyo haachwi peke yake usiku ule. Neno lile lile lililokuwa la chai limekuwa la mauti, na tofauti iko katika kale kaneno kadogo "alles", yote. Ndipo muuguzi atakapohitaji kusema "Ich mache mir Sorgen um Sie", nina wasiwasi juu yako, akaketi.

Nao Wajerumani wenyewe, walipotaka lugha yetu, hawakuijia kwa kupitia London. Mwaka 1887 walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, wakawaita Waswahili wenyewe kufundisha: Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa huko miaka ya mwanzo ya 1890, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alifika mwaka 1900, na maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yakachapwa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Mtoro alitendewa ubaya na baadhi ya wanafunzi waliomwonea kinyaa kwa rangi yake, akafia Berlin mwaka 1927. Na hayo ni masimulizi ya siku nyingine. Ninachotaka kikumbukwe ni kuwa ofisa aliyekuja kukaa katika ngome ya Ikoma au katika boma la Shirati aliweza kuwa amefundishwa Kiswahili kwa Kijerumani, na mwalimu Mswahili yupo chumbani. Tumebaki na hela, iliyotokana na sarafu yao ya Heller ya mwaka 1904, na shule, ambayo hatukuibadilisha ila herufi mbili tatu. Hakuna Mwingereza katika safari ya maneno hayo.

Mfano ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya maji, ambako mtu akisimama Kisorya, wilaya ya Bunda, akingoja kivuko, anapaona kwa macho. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, kisa kirefu cha Myombekere na Bugonoka, kitabu ambacho kimesheheni salamu, pole, kuhurumiana na kununiana kuliko kingine nikijuacho. Akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa alipokuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini, naye akafa mwaka 1981. Mjerumani Wilhelm Möhlig akakichukua kutoka Kiswahili akakitia katika Kijerumani, na sehemu ya kwanza ikatoka mwaka 1991. Waingereza walikipata mwaka 2002. Kwa miaka kumi na moja, msomaji wa Köln aliweza kujua jinsi mume wa Kikerewe anavyowaangukia wakweze ili arudishiwe mkewe, ilhali msomaji wa Oxford hakuweza. Njia basi ipo, imekwisha kufyekwa. Nyasi zimeota kwa kutopitwa tu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa vitabu vya njia ya Kiingereza ni vingi na bei yake nafuu, kwamba kijana wa sekondari amekwisha kufundishwa Kiingereza kwa miaka minne, na kwamba Kiingereza na Kijerumani ni ndugu wa damu wanaoshirikiana majina ya maji, nyumba, mkono na mkate. Yote ni kweli. Kwa majina ya vitu, na apitie huko, atafika upesi. Lakini kijana wa Bunda hakukosea jina la jiwe wala la mkongojo. Alikosea pole, na lugha ambayo imeisahau tofauti hiyo haiwezi kumfundisha tena. Mwalimu Nyerere, aliyelala pale Mwitongo, alipofasiri tamthilia za Shakespeare, ya Kaizari mwaka 1963 na ile ya Venisi mwaka 1969, alionyesha kuwa Kiswahili hakihitaji kushikwa mkono kinapokwenda kuonana na lugha kubwa. Tena wale wafanya biashara wa Venisi akawaita mabepari, akawahukumu kabla pazia halijafunguliwa.

Ombi langu, basi, liende kwanza kwa Baraza la Kiswahili la Taifa na kwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Dar es Salaam, ambao kazi hii iko katika wajibu wao. Lakini kwa kuwa mabaraza huenda kwa mwendo wa mabaraza, naliinua zaidi kwa wazee waliopelekwa kusoma Leipzig na Dresden katika miaka ya sitini na sabini, ambao wangali hai katika mkoa huu na katika mikoa mingine, wanaojua kuombolezana kwa Kijerumani na kugombana kwa Kijerumani, na ambao ujuzi wao unakaa barazani ukinywa kahawa. Sihitaji kamusi kubwa. Kurasa sitini zatosha, kwa Kiswahili kitupu, zimfundishe kijana jinsi ya kumliwaza Mjerumani, kumwomba radhi, kumwachia shauri lake, na kusikia mamoja yake bila ya kukasirika. Atakayeanza, na aanze na pole, halafu samahani, kila moja katika ukurasa wake.